Nywele Zilizochemka Sanyuanli

Mwezi uliopita nilivua aproni kwa mara ya mwisho. Wasichana wa saluni walinikatia keki, wakanivisha kitenge, wakalia kidogo, kisha wakaanza kugombania kiti changu kabla sijameza keki yenyewe. Mmoja wao akasema, "Mama Upendo, tuandikie basi yale mambo ya Guangzhou. Ukitusimulia tunacheka, halafu tunasahau." Haya, naandika. Mkisahau tena ni shauri yenu, au niseme shauri ya wateja wenu, maana kichwa kitakachoungua si chenu.

Sitaandika nilikuwa nalipwa nini wala lini nilikabidhiwa funguo za duka. Hayo hayajawahi kumfundisha mtu kuweka dawa. Nitaandika jinsi nilivyojifunza kutambua kwamba vitu viwili nilivyovichanganya vimeanza kufanya kazi, na kwamba kazi yenyewe huenda siyo ile niliyovituma.

Kwanza, China sikwenda kusuka. Nilikwenda kununua nguo, kama kila mtu wa miaka ile aliyekuwa na begi tupu na shemeji wa kumdanganya kwamba biashara inalipa. Nilitoka Singida na akili nyingi sana. Nikazunguka maghorofa ya nguo ya Guangyuan Xilu mpaka kandambili zikakatika, nikapishana na wapagazi na mabunda yao, na mwisho wa yote nikapeleka nyumbani suruali za jinzi ambazo mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Laoban, yaani bosi wa duka, alikuwa amenionyesha ile ya juu tu. Mimi nami nilikuwa nimeikagua ile ya juu tu, tena kwa makini mno.

Kilichoniokoa ni mchungaji kuchelewa. Watu wa Afrika Mashariki tulikuwa na ibada yetu ya Jumapili kwenye fleti ya kupanga huko Sanyuanli, wafanyabiashara na wanafunzi wa vyuo pamoja. Siku moja mchungaji hakutokea kwa wakati, nikaanza kumsuka binti mmoja mtindo wa twende kilioni ili mikono isikae bure. Mchungaji alipofika nilikuwa nimeshamaliza vichwa vitatu na nimeanza cha nne, na kwaya ilikuwa imependeza kuliko mahubiri. Wiki ile ile nikaitwa saluni.

Saluni ilikuwa ghorofa ya tatu, katikati ya ofisi ya kusafirisha mizigo na duka la mawigi. Mwenyewe alikuwa mama wa Kikongo kutoka Lubumbashi, tukimwita Maman Clarisse. Mama mnene, mchache wa maneno, na alikuwa akikutazama unajikuta unaomba radhi kabla hujajua umekosa nini. Siku ya kwanza hakunipa kitana. Alinipa bakuli la plastiki la rangi na mbele yangu akaweka kijiko cha chuma na mwiko mdogo wa mbao, akaniambia nichague cha kukorogea. Nikachagua kijiko, kwa kuwa kilikuwa kinang'aa. Akakichukua taratibu, akakorogea chai yake, akanywa. "Chuma ni ya chai," akasema. Somo la kwanza likawa limekwisha.

Somo la pili alileta gilasi moja na bakuli moja. Kwenye gilasi alitia shampuu na maji akaitikisa, povu likafurika mpaka mezani. Kwenye bakuli alichanganya rangi ya nywele na peroksaidi, yale maji ya kufungulia rangi, akaliacha pale limetulia kimya. Akauliza, "Wapi kuko kazi?" Nikaonyesha gilasi, tena kwa kidole cha mtu aliyesoma. Alicheka mpaka akashika meza. "Ile ni hewa tu. Tia mukono huku."

Nikagusa ubavu wa bakuli. Lilikuwa lina joto, na hakuna aliyelipasha. Nikatazama ndani: uji uliokuwa mweupe umegeuka kahawia, na wakati natazama ukawa unaelekea weusi, na hakuna aliyetia weusi. Ndipo nikaelewa. Povu la sabuni ukiliacha linatulia na kuwa sabuni ile ile na maji yale yale. Lakini mapovu yakianza kupanda yenyewe bila mtu kutikisa, hapo kuna hewa mpya inazaliwa. Joto bila moto, vilevile. Rangi kubadilika bila kuongezewa rangi. Harufu ambayo haikuwemo kwenye chupa yoyote kati ya zile mbili ulizofungua. Na wakati mwingine maji yaliyokuwa meupe yanatoa vumbi linalozama chini, wakati hukutia vumbi. Ukiona moja, tulia uangalie, maana nywele mbichi nazo huonekana nyeusi kuliko kavu na hilo si jambo la ajabu, ni maji tu. Ukiona mawili kwa pamoja, nyanyuka. Ukiona yote, hukupaswa kuwa umekaa.

Nilipoanza kuelewa nikawa sishikiki. Nikatumwa kununua shampuu ya kuzimia dawa, ile ambayo povu lake linageuka la waridi kama dawa ya kunyoosha bado imo kichwani, na likiwa jeupe ujue kichwa ni salama. Chombo kizuri sana, kinasema chenyewe. Nikamweleza muuzaji kwa mikono, kwa kikokotoo na kwa yale maneno yangu machache ya Kichina kwamba nataka inayogeuka waridi. Akasema ipo, ipo! Akanipa katoni nzima. Kufungua saluni, ilikuwa ya waridi tangu chupani. Tulipotia maji ikawa ya waridi, tulipomwosha mtu ambaye hajawahi kuona dawa maishani mwake ikawa ya waridi. Nikarudi nikamdai ile nyingine. "Mei you," akasema, hakuna, kwa uso wa mtu ambaye hajawahi kuniona. Katoni ile tulioshea taulo.

Basi, Maman Clarisse alikuwa na sheria moja iliyotugombanisha na nusu ya Sanyuanli. Mgeni yeyote anayetaka rangi lazima kwanza akatwe nywele chache nyuma ya sikio. Unazifunga kwa kipande cha karatasi ya gundi, unazitumbukiza kwenye gilasi yenye peroksaidi na matone ya amonia, unasubiri. Nywele safi zinakaa pale tu, zinapauka polepole kama hazina hili wala lile. Nywele zilizokwisha kupakwa kitu chenye madini zinasema. Wateja walichukia. Walikuwa wanaona wanapimwa uongo, na kusema kweli walikuwa wanapimwa uongo. "Usiangaliake uso ya mutu," Maman Clarisse alikuwa akiniambia. "Angalia mu gilasi."

Sasa nije kwa Kaka Sospeter.

Hilo la "Kaka" ni lake mwenyewe. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo za watoto kutoka Makambako, mgane wa siku nyingi, na mzee wa kanisa kwenye ile ibada yetu. Mtu mwema, mkarimu, ila alikuwa na ugomvi na shikamoo. Binti wa chuo akimwamkia shikamoo, anageuka kutazama nyuma, eti huenda salamu ile ni ya mtu mwingine, halafu anajibu "Mambo!" kwa sauti ya kukwaruza. Mabinti walikuwa wakifanya makusudi. Walikuwa wanapanga foleni mlangoni mwa ibada kumwamkia.

Alikuja saluni asubuhi moja tukiwa hatujapata mteja, akafunga mlango, akataka kuongea nami pembeni. Pembeni kwenye saluni ile ilikuwa ni kugeuka upande. Akasema kuna mama mmoja wa Njombe, Edina, mjane mwenye duka la sare za shule, ambaye binamu yake alimuunganisha naye. Wameongea kwa simu mwaka mzima. Picha zimepelekwa na wasafiri. Sasa Edina anakuja kununua vitambaa, na kumwona.

"Akinipenda, tunarudi pamoja nyumbani tukawaambie watu," akasema. "Asiponipenda, Dada, sitaanza tena. Nimechoka kula peke yangu. Najikuta nakula nimesimama jikoni, sahani iko juu ya jiko. Hata kukaa naona ni kujisumbua."

Nilimhurumia sana. Nikamuuliza tatizo liko wapi basi, mbona ni jambo la heri. Akainamisha kichwa anionyeshe. Juu palikuwa peusi, peusi kuliko haki, na kwenye mwanga wa dirisha kulikuwa na ukijani kwa mbali. Chini, kwenye mashina, palikuwa peupe pe. Kwenye simu alimwambia Edina ana arobaini na kitu. Kitu chenyewe hakukitaja, na kwa jinsi nilivyoona mashina yale, kilikuwa kitu kikubwa. Alitaka nimpake nyeusi ya uhakika, ishike mpaka kwenye shina, kabla ndege haijatua.

"Umewahi kupaka rangi?" nikamuuliza.

"Kamwe."

"Piko?"

"Mama Upendo! Mimi mzee wa kanisa, nipake piko?"

Maman Clarisse akainuka. Alikuja na mkasi, akakata vinywele nyuma ya sikio, akavifunga, akavitumbukiza kwenye gilasi. Kaka Sospeter akakaa akitikisa mguu, akitutazama kama watu tunaocheza mdako.

Hatukusubiri sana. Vipovu vikaanza kupanda kutoka kwenye nywele zenyewe, kwanza kimoja kimoja, kisha kwa fujo. Nikashika gilasi, ina joto. Nikashika tena, sikuweza kuishika. Ikaja harufu ya sarafu zilizolowa, na nyuma yake yai bovu. Nywele zikawa za kutu, zikakatika vipande vipande, na chini ya gilasi pakatuama tope ambalo hakuna aliyelitia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuziona dalili zote zimekutana mahali pamoja. Nilisisimka hata aibu nikaona, maana mwenye nywele alikuwa ameketi pale.

"Voilà," akasema Maman Clarisse. "Papa, unapakaka nini mu kichwa?"

"Sipaki kitu."

"Kaka," nikasema, "nywele hizi zina madini."

"Labda ni maji ya Makambako."

Maman Clarisse akamtazama. Kaka Sospeter akajitahidi kuvumilia, wapi, akanywea. "Napaka mafuta tu," akasema. "Mafuta ya kawaida. Kila asubuhi nikishasali. Yale ya kurudisha weusi."

"Yanarudisha kutoka wapi?" nikamuuliza.

Akatazama kiganja chake. Na msidhani alikuwa anadanganya. Nimefanya kazi hii miaka mingi, nawaambia wanaume wana hesabu yao. Rangi ni ile inayokorogwa kwenye bakuli, na wanapaka wanawake. Kinachotoka kwenye kichupa ukakipaka kwa kiganja asubuhi ni mafuta, hata kama kina shaba ndani ya kutosha kutengenezea sufuria. Nilikuja kugundua baadaye kwamba nusu ya wanaume wa ibada ile walikuwa wakipaka mafuta hayo hayo, na kila mmoja alidhani ni siri yake na Mungu. Kwa hiyo msiulize, "Umepaka rangi?" Ulizeni, "Asubuhi unapaka nini?"

Maman Clarisse akakataa kumgusa. Akamwambia achague, anyoe zote au asubiri ziote mpya, maana kichwa kikikutana na peroksaidi kitafanya kilichofanyika kwenye gilasi. "Nikinyoa zitaota nyeupe!" akasema Kaka Sospeter. "Edina ashuke kwenye ndege akutane na babu!" Nikajaribu kumtuliza. Akasimama, akakung'uta shati. "Mnacheza na vigilasi hapa, mtu ana shida." Akashika njia.

Ghorofa ya chini yetu kulikuwa na kinyozi Mkenya, Kevo, kijana mchangamfu aliyenyoa vizuri na kuuza kadi za simu. Kevo hakuwa na gilasi wala hakuwa na wasiwasi. Mchana ule ule nilikuwa nafagia niliposikia ngazi zinalia, mlango ukafunguka kwa kishindo, na Kaka Sospeter akaingia na shuka la kinyozi shingoni, kichwa kimejaa uji mweusi unaotokota, na moshi mwembamba unapanda. Ameshika masikio yote mawili, macho ameyafumba.

Kevo nyuma yake, "Mathe, saidia! Imeanza kuchemka yenyewe, sijaweka hata maji moto! Nilikuwa nimefurahi, nikadhani ni rangi inashika poa!"

Someni hapa kwa makini. Hatukumpaka mafuta. Hatukumfuta kwa taulo, maana unasugua moto ndani ya ngozi. Hatukutafuta dawa nyingine ya kuzimia, kwa sababu kuongeza cha tatu juu ya viwili vinavyogombana ni kukaribisha msiba. Tulimlaza kwenye beseni kichwa kikiwa nyuma, nikamfunika macho kwa kiganja changu, Maman Clarisse akafungulia maji baridi mpaka mwisho. Maji, maji, maji. Nilikuwa naomba kimoyomoyo asipofuke mtu wa watu. Nywele zikawa zinatoka mafungu mafungu na kuziba tundu la beseni, nami nazizoa kwa mkono mwingine. Tulimwagia mpaka kichwa kikapoa, tukaendelea kumwagia. Ngozi ilikuwa nyekundu lakini haikuchubuka, ashukuriwe Mungu, na macho yalikuwa mazima.

Alipoinuka akajiona kwenye kioo. Palipobaki nywele palikuwa na visiwa vya rangi ya kutu. Alilia. Mzee mzima, machozi na maji ya beseni hayatofautiani.

"Anafika kesho," akasema. "Kesho, Mama Upendo."

Maman Clarisse alimnyoa mwenyewe, kwa upole ambao sikujua kama anao. Kevo alisimama mlangoni ameshika kofia yake mkononi, na mwishowe akampa. Kaka Sospeter akatoka ameivaa. Kwenye ngazi alipishana na binti wa chuo anayekuja kusuka. "Shikamoo," akasema binti, kwa uchokozi wao ule ule. Nikasikia, "Marahaba." Binti aliingia saluni ameshtuka, akauliza kama kuna mtu amefariki.

Edina akafika. Tuliwaona Jumapili kwenye ibada: mama mfupi, mtulivu, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri, anaimba sauti ya pili bila kutazama kitabu. Na kando yake Kaka Sospeter, mzee wa kanisa, na kofia. Mchungaji aliposema tuombe, wanaume wote wakavua kofia isipokuwa yeye. Alisema ana mafua. Minong'ono ilianzia viti vya nyuma ikafika mbele kabla ya amina. Mimi nilitazama chini, naona aibu kwa niaba yake.

Siku chache baadaye walikuja saluni wote wawili. Nikafurahi, nikatandika shuka kwenye kiti, nikamuuliza mgeni anaweka nini. "Siweki kitu, Dada," akasema Edina. "Nimekuja kwa sababu naambiwa hapa ndipo alipopotelewa na nywele. Huyu anakula na kofia. Anaomba na kofia. Nikimuuliza, mafua. Nilimuuguza marehemu mume wangu akinificha ugonjwa mpaka mwisho, sitaki tena kufichwa. Keshokutwa naondoka, na siondoki na mtu ambaye kichwa chake sikijui."

Kaka Sospeter akanitazama mimi. Akamtazama Maman Clarisse, naye akaenda kuzima drayeri, akasimama pale pale ameikumbatia. Sikuwa na la kumsaidia. Ningeweza kusema ni mba, ni joto la Guangzhou, ni sabuni mbaya ya Kichina, na uongo wote huo ulinijia mdomoni tayari umeiva, nikaumeza.

Akavua kofia.

Zilikuwa zimeota kidogo, fupi kabisa, kichwa kizima. Nyeupe, hakuna hata moja iliyojificha.

"Edina," akasema, "mimi si wa arobaini na kitu. Arobaini niliipita zamani sana. Nilikuwa napaka, kila siku, mpaka zikaungua. Siumwi. Hizi ndizo zangu, na nimezeeka. Niliogopa tu kwamba ukijua hutakuja."

Edina akasogea. Alizunguka nyuma ya mgongo wake akakitazama kile kichwa, akarudi mbele, akatazama tena. Kisha akakaa kwenye kiti nilichomtandikia, mzima mzima, kama mtu aliyetua mzigo, akajifunika uso kwa viganja. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika. Alipoondoa mikono alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Mwaka mzima, Sospeter," akasema. "Mwaka mzima simu yako ikilia nafukuza wajukuu chumbani. Wakipiga kelele nakwambia ni watoto wa dada yangu."

Akajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa.

"Mimi sina dada."